Mkwe Aliyeingia na Mvua

Otto Mapunda alikuwa mtu wa kanuni, hasa zile zinazowahusu wengine. Alipostaafu kazi ya ugavi, majirani walidhani atafanya kama wastaafu wote, anunue vifaranga, alalamike bei ya chakula cha kuku, mwishowe awale wale waliobaki. Otto hakutaka kuku. Alirudi mtaani kwake, huko pembezoni mwa Bombambili mlima unapoanza kupanda, akaanza kufuga watu.

Nafasi aliipata kwa sababu ya mvua. Msimu wa juzi ilinyesha mpaka barabara ya mtaa ikakatika katikati, upande huu wakabaki wenye duka, upande ule wakabaki wateja. Sababu kila mtu aliijua. Nyumba zilikuwa zimeota kila mahali, bati juu, saruji chini, miti imeondoshwa, na maji yakianguka hayana pa kukaa. Mkutano ukaitishwa, ikaundwa kamati ya maji ya mvua, na Otto akachaguliwa mwenyekiti kwa kuwa ndiye aliyezungumza muda mrefu kuliko wote na watu walikuwa na njaa.

Kanuni zenyewe zilikuwa nzuri, tusimnyime haki yake. Anayejenga achimbe shimo la mawe ndani ya kiwanja chake, maji ya paa yaingie humo yanywewe na ardhi. Aache sehemu ya kiwanja iwe udongo mtupu. Asielekeze maji kwa jirani. Na kabla hajahamia, kamati ipite ikague. Hapo mtu wa kawaida angeishia. Otto aliongeza sentensi yake mwenyewe, akaisema akiwa amesimama, mkono mmoja tumboni.

"Maji ya paa lako ni wewe mwenyewe. Yakiingia kwa jirani, wewe ndiye umeingia, na umeingia bila hodi."

Watu walipiga makofi. Otto alipenda yale makofi kiasi kwamba sentensi ikaandikwa kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, herufi kubwa, na kila mkutano ulipofunguliwa ilisomwa kwa sauti baada ya sala.

Wa kwanza kuonja alikuwa Bakili, mtu wa Tunduru aliyekuja na mashine yake ya kusaga. Banda lake lilikuwa dogo, lakini bati lake lilimwaga maji kwenye kibaraza cha mama mmoja muuza maandazi. Otto alimsimamisha mbele ya mkutano. Akamwamuru apige hodi mara tatu, pale pale, kwa sauti, kisha aombe radhi kwa kuingia kwa mama wa watu bila kukaribishwa. Bakili alipiga hodi. Watu walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Bakili naye alicheka, kicheko cha mtu anayeweka kitu akiba.

Baada ya hapo Otto akaanza kujenga.

Kiwanja kilikuwa kule juu, mahali penye mteremko mzuri na upepo. Zamani lilikuwa shamba la maharage la mama mkwe wake, Bibi Getruda. Mumewe marehemu ndiye aliyewapa Otto na mke wake Lidwina, na bibi mwenyewe alikubali kwa kutikisa kichwa, kwa kuwa Lidwina ndiye mtoto wake wa pekee. Bibi Getruda alibaki chini kidogo, kwenye nyumba ya matofali mabichi aliyojengewa na mumewe, chumba chake cha kulala kikiutazama mlima.

Otto alijenga ukumbi wa sherehe. Juu ya geti aliweka maandishi mekundu: OTTO GADENI. Gadeni yenyewe haikuwa na hata unyasi mmoja. Parachichi lililokuwa pale alilikata kwa sababu majani yake yangechafua shela za mabibi harusi. Kisha akatandaza pevingi, vile vitofali vya saruji vya kufunika ardhi, kutoka ukuta hadi ukuta, kijivu kwa nyekundu, mpaka mjusi akitaka kuvuka ilibidi afikirie mara mbili.

Alikuwa na sababu yake. Aliwahi kuhudhuria sherehe moja mwezi wa Desemba, shangazi wa bibi harusi akaacha kiatu kwenye tope, na mshereheshaji akakitangaza kwa kipaza sauti kama mtoto aliyepotea. Otto aliapa kwamba kwake hakitapotea kiatu. Kwa hiyo udongo aliuona kama adui wa heshima.

Lakini kanuni ni kanuni, na shimo alichimba. Lilichimbwa Agosti, jua linapowaka na vumbi linapanda mpaka kwenye meno, na likajazwa mawe vizuri. Kamati ikaja kukagua. Kamati ilikuwa Otto, Zuhra mwenye duka la vitenge ambaye ndiye katibu, na mzee mmoja aliyesinzia akiwa amesimama. Walileta ndoo ya maji, wakaimwaga shimoni. Maji yakazama. Mwenyekiti Otto akamuuliza mjenzi Otto kama ametimiza masharti, mjenzi akasema ametimiza, mwenyekiti akaridhika. Wote wakala kuku wa kuchoma na soda baridi. Kabla wiki haijaisha, fundi alisema shimo lile liko mahali ambapo meza ya maharusi ingependeza sana kukiwa na sherehe za nje. Likafunikwa pevingi. Likazikwa zima na mawe yake.

Lidwina alimwambia mapema. Alisema, mume wangu, maji haya yote yatamshukia mama. Otto akamjibu kwamba mteremko umepimwa na maji yatakwenda kwenye mtaro wa barabara. Kweli alikuwa amepima. Alisimama getini, mikono kiunoni, akafumba jicho moja.

Sasa ujue na jambo la pili, maana bila hilo utamwona Bibi Getruda ni mkorofi tu. Katika ukoo ule, mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa umbali. Miaka yote ya ndoa, Otto hakuwahi kupita sebule ya mama mkwe wake. Hakuwahi kuona kitanda chake, wala khanga yake ya kulalia. Wakikutana njiani Otto hutoka pembeni na kuinamisha macho. Na wakiwa na la kuambiana, hata kama wamekaa hatua chache tu, Lidwina hukaa katikati na kulihamisha neno kutoka hapa kulipeleka pale. Otto aliipenda sana mila hiyo. Ulimi wa Bibi Getruda ulikuwa mkali, na ulipomfikia kupitia kwa Lidwina ulikuwa umeshapozwa nusu.

Ukumbi ungefunguliwa kwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti yao, Eufrasia, aliyechumbiwa na kijana wa Namtumbo. Kadi zilikwishasambazwa, na ng'ombe alikwishachaguliwa. Na kwa watu wale, binti hatoki mpaka bibi mzaa mama amshike mkono na kumkabidhi upande wa pili. Mama anaweza kuugua, baba anaweza kuwa safarini, padri anaweza kuchelewa. Bibi akiwa hai na hakufika, sherehe inakuwa chakula cha mchana tu, na binti anarudi nyumbani na nguo zake.

Mvua ya kwanza kubwa ilikuja alasiri, ikiwa imebaki mwezi hivi kufikia siku yenyewe. Otto alisimama kwenye kibaraza cha ukumbi kuifurahia. Paa lile lilikuwa pana, na maji yaliyotoka huko yalishuka kwa kishindo, yakapita juu ya pevingi yakiwa safi, bila kuokota hata tope la kuchafulia jina, yakafika kwenye ukuta wa chini ambako fundi aliacha matundu, yakatoka. Yalikwenda wapi baada ya hapo Otto hakuuliza. Alimpigia simu mshereheshaji kumwambia kwamba mvua imekatika sasa hivi na uwanja umeshakauka, mtu anaweza kucheza muziki kwa soksi.

Wakati huo Bibi Getruda alikuwa amejilaza chumbani. Maji yalikuja kwa nyuma, yakakaa kidogo kwenye msingi, yakaanza kula tofali bichi. Kisha ukuta wa upande wa mlimani ulikaa chini, taratibu, kama mtu aliyechoka. Maji yakaingia yote kwa pamoja, yakabeba ndala, yakainua sanduku, yakajaza godoro. Bibi alitoka na rozari na redio, akasimama uani.

Otto alikwenda asubuhi yake. Alikuwa amepanga maneno ya pole, lakini alipofika kwenye ua yakamtoka. Palipokuwa na ukuta pakawa wazi, na kutoka njiani alikiona kitanda cha mama mkwe wake, chandarua chake cha bluu kimechanika upande. Juu ya uzio zilianikwa shumizi zake na khanga zake za kulalia, kila mpita njia azione. Alitazama chini haraka. Chini, kwenye tope jekundu lililoganda mlangoni, lilikuwa limelala ua la plastiki la waridi, moja ya yale aliyoyanunua kupamba meza ya maharusi.

Otto aliona aibu. Si ile ya kusutwa mkutanoni, ile angeizoea. Alikumbuka alipokuja kuposa, jinsi mama huyu alivyojificha nyuma ya mlango na kutoa mkono tu wenye kata ya maji ya kunywa, na mkono ule ndio kitu pekee alichokiona siku ile. Na sasa amemfunulia kitanda chake mchana kweupe. Masikio yalimwaka. Angeweza hata kupiga magoti pale pale kwenye tope, na labda mambo yangeishia hapo.

Kisha akakumbuka sendofu, na aibu ikampisha mfanyabiashara aliyekuwa ndani yake. Alimwita Lidwina, akampa maneno ampelekee mama yake: godoro jipya litakuja leo, fundi atakuja kesho, ukuta utarudi wa saruji na rangi juu, na mama achague rangi. Lidwina aliyapeleka, akitazama pembeni. Tangu ukuta uanguke alikuwa amehamia kwa mama yake, na macho yalikuwa mekundu. Bibi Getruda alisikiliza huku akikamua khanga.

"Mwambie mkwe wangu," alisema, "mwanamume akiingia chumbani kwa mama mkwe wake halipi godoro. Anakaa mbele ya wazee. Na mpaka akae, mimi kwenye sendofu sifiki."

Otto alimwambia Lidwina amwambie mama kwamba yeye hakuingia, aliyeingia ni maji. Jibu lilirudi kabla Lidwina hajageuka.

"Akasome ukuta wa ofisi. Kama hajui herufi, akamuulize aliyeziandikisha."

Kwenye kijiwe cha jirani na ua ule walikuwepo vijana wa bodaboda, na bodaboda habebi mzigo wowote usiokuwa na lazima. Walichukua habari ile, maji wakayaacha. Saa sita mchana sokoni ilijulikana kwamba Otto Mapunda ameingia chumbani kwa mama mkwe wake. Saa kumi ilijulikana kwamba alivunja ukuta ili aingie. Jioni ilikuwa imeshafika Namtumbo, na Fransisko, baba mdogo wa bwana harusi, mtu wa kwaya na mwenye kulima tumbaku kwa adabu, akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeziba pua. Aliuliza kama yaliyosemwa yana ukweli. Otto alisema ni uzushi, yalikuwa maji tu. Fransisko akauliza ni maji ya aina gani, na ameyanywea wapi.

Akasema upande wao hauna haraka. Wangesubiri kusikia bibi anasemaje. Bibi akija, nao wangekuja.

Kwa hiyo Otto alikaa mbele ya wazee. Kikao kilifanyika uani kwa Bibi Getruda, na mbali na ukoo ulifika mtaa mzima, wengine wakiwa na vigoda vyao. Kikao kiliongozwa na Aidan, shemeji yake bibi, mkubwa wa ukoo kwa umri na kwa kiu. Mtungi wa ugimbi, pombe ya kienyeji, ulikuwa jirani na jicho lake moja halikuuacha. Otto alikuja na suti. Alianza kwa kumshukuru Mungu kwa mvua, akapita kwenye historia ya mtaa, akafika kwenye hoja yake kwamba maji ni ya Mungu, mlima ulikuwepo kabla yake, na hakuna baraza duniani lililowahi kumshtaki wingu. Alizungumza vizuri. Wachache waliokuwa hawamjui walianza kutikisa vichwa kukubali.

Bakili aliinua mkono kutoka nyuma. Vumbi la unga lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Wazee, mimi ni mtu wa kuja, mila zenu sizijui vizuri, mnisamehe," alisema kwa upole. "Ila maji yangu yalipoingia kwa jirani, mwenyekiti alisema ni mimi nimeingia, na nikapiga hodi. Naomba tu kujua kama ya mwenyekiti yalipiga."

Kicheko kilichotoka pale kilimwamsha yule mzee wa kamati. Otto alisema ile ilikuwa lugha ya kufundishia. Zuhra akaombwa aitaje kanuni ilivyo. Aliitaja yote bila kukosea, uso umeelekea juu, maana Otto mwenyewe ndiye aliyewakaririsha kila mkutano mpaka watoto walikuwa wakiiimba wakiruka kamba. Maji ya paa lako ni wewe mwenyewe. Watu wa nyuma wakaimalizia kwa pamoja, kama kiitikio kanisani.

Baada ya hapo Aidan hakuwa na kazi ngumu. Alisema kanuni ya mtaa inasema aliyeingia ni Otto, na mila inasema mkwe akiingia chumbani kwa mama mkwe faini yake ni jembe jipya, na amlimie mama huyo shamba kwa mikono yake mwenyewe kama siku za uchumba. Bibi akiona limelimwa, moyo wake utatulia, na atakwenda kwenye sherehe. Akauliza kama kuna mwenye swali, na kabla hajajibiwa alinyoosha mkono kwenye ugimbi.

Otto nusura acheke kwa furaha. Jembe ni kitu gani. Na shamba la mama mkwe alilijua, kijisehemu cha mchicha nyuma ya jiko, pana kama mkeka. Angelimaliza kabla jua halijakuwa kali, apigwe picha, na siku ile ile ampigie Fransisko. Alimwambia Lidwina amwambie mama kwamba amekubali kwa moyo mmoja, na aonyeshwe tu pa kulima.

Lidwina aligeuka ili alihamishe neno, lakini mama yake alimshika mkono.

"Kaa, mwanangu. Mkwe ameshafika mpaka chumbani. Mjumbe wa nini tena?"

Akageuka, akamtazama Otto usoni, kwa mara ya kwanza tangu amfahamu. Otto hakujua macho ayaweke wapi.

"Nilimie pale nilipokuwa nikilima maharage," alisema Bibi Getruda.

Kila mtu aligeuza shingo kutazama mlimani. Kule juu, pevingi za Otto Gadeni ziling'aa kijivu kwa nyekundu, zimeoshwa vizuri na mvua.

Otto alijaribu. Tusimdharau kwa hilo, alijaribu sana. Alitoa shamba jingine huko nje ya mji, kubwa zaidi, lenye rutuba zaidi. Bibi akasema miguu yake haifiki. Aliomba apewe vibarua wa kumsaidia. Aidan akasema mila ilitaja mikono yake, haikutaja ya watu. Aliomba basi eneo liwe dogo, kijisehemu cha kona kwa ajili ya heshima. Bibi alisema shamba lake lilianzia ukuta wa chini mpaka kwenye lile parachichi. Na parachichi Otto alikwishalikata, hata shina halikuonekana, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua lilisimama wapi isipokuwa mwenye kulikumbuka. Bibi Getruda alipanda mlima na fimbo yake kwenda kuonyesha. Kumbukumbu ya mama aliyelala kwenye godoro bichi ni pana. Alitembea akikumbuka, akaendelea kukumbuka, akasimama karibu na ngazi za ukumbi.

Otto alilima. Kwanza ilibidi ang'oe pevingi moja moja, zile zile alizowagombeza mafundi kwa kuziweka zikiwa na mwanya. Vijana wa bodaboda waliegesha pikipiki kwenye uzio, wakawa wanampa pole kwa zamu. Zuhra alikuja na uji. Bakili naye alikuja, akaonyesha jinsi ya kushika mpini ili viganja visichubuke, na hakusema neno lolote la kejeli, jambo lililomuumiza Otto kuliko malengelenge. Katikati ya uwanja jembe liligonga mawe. Lilikuwa shimo la Agosti, limekaa kimya chini ya meza ya maharusi. Otto akalifukua lote. Kwa nini alilifukua hakumwambia mtu, na sisi tusimsifu haraka. Ila siku ile alifanya kazi mpaka jua likazama bila kumtuma mtu chochote.

Matuta yalipokuwa tayari, bibi alikuja mwenyewe kupanda. Vijana wa ukoo walimwinulia ukuta wake kwa matofali ya kuchoma yaliyobaki kwenye ujenzi wa ukumbi, naye akarudi chumbani kwake. Lidwina alirudi kwa mumewe pia, baada ya kujifikiria.

Siku ya sendofu mvua ilinyesha. Wageni wa Namtumbo walikuwa wameshaketi ndani, Fransisko mbele kabisa na tai yake, na milango ilikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Maji yalishuka kutoka kwenye paa lile pana kwa kishindo kile kile, yakateleza kwenye pevingi zilizobaki, yakafika kwenye matuta ya maharage yaliyokwisha kuota majani mawili mawili. Yakasimama kidogo. Kisha yakaingia ardhini, na yaliyozidi yakaenda kwenye shimo la mawe yakanong'ona humo. Otto aliyatazama akiwa mlangoni. Alitazama na kule chini, kwenye nyumba ya mama mkwe wake. Ukuta ulikuwa mkavu.

Bibi Getruda alifika na kitenge kipya, watu wakasimama. Alimshika Eufrasia mkono, akaushika muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akaukabidhi upande wa pili. Vigelegele vilipigwa mpaka Lidwina akalia.

Hapo ndipo Otto alipotakiwa akae. Mtu mwingine angekaa. Yeye alichukua kipaza sauti cha pili, mkono mwingine ukaenda tumboni. Aliwaambia wageni kwamba ukumbi huu ni wa kwanza maeneo haya kutii kanuni za maji ya mvua, kwamba bustani wanayoiona pale nje ni ubunifu wake mwenyewe baada ya utafiti wa kina, na kwamba anafikiria kuwafundisha wajenzi wengine. Wageni wa Namtumbo walipiga makofi. Fransisko aliinama kwa jirani yake, akasema kumbe huyu ni mtu wa maana, watu wanasema ovyo tu.

Bibi Getruda alimwita Lidwina, akamnong'oneza. Lidwina alifunika mdomo, akaenda kwa mshereheshaji, akamnong'oneza naye. Mshereheshaji yule alikuwa mtu wa kutangaza kila anachoambiwa, iwe kiatu, iwe funguo, iwe zawadi ya jogoo. Akakohoa kidogo.

"Tangazo kutoka kwa bibi. Mkwe anakumbushwa kwamba maharage yameshachomoza, na palizi ni Jumatatu asubuhi. Aje na jembe lake, na akifika getini apige hodi."

Otto alikuwa bado amekishika kipaza sauti chake na hakukumbuka kukizima, kwa hiyo ukumbi mzima ulimsikia akisema, "Sawa, mama."